Kijibwa kakojolea kochi? Weka ufagio chini!

  Kama nyumba yako haijatulia kwa sababu kuna kiumbe kidogo chenye manyoya kinachozunguka sebuleni na kuacha vidimbwi kila kona, basi safu ya leo ni yako. Vuta kiti ukae, ila pitisha mkono kwanza uone kama hakijalowa.

Zamani mbwa alikuwa mambo ya uani. Aliitwa Simba, Jimi au Popi, akafungwa mnyororo chini ya mwembe, na getini pakaandikwa MBWA MKALI hata kama mwenyewe alikuwa mpole kuliko kondoo. Alikula makombo, akalala kwenye majivu ya juzi, na haja zake alizimalizia huko huko nyuma ya nyumba. Nani alihangaika kumfundisha choo? Hakuna. Uwanja mzima ulikuwa choo chake.

Siku hizi mambo yamegeuka. Kuanzia Dar hadi Arusha, Mwanza hadi Nairobi, watu wanafuga mbwa wa ndani. Utamkuta Maltese mweupe kama pamba, Shih Tzu mwenye nywele mpaka machoni, au Chihuahua ambaye hata akikua kabisa kwa kawaida hafikishi kilo 3. Bei ya mmoja inatosha kununua mbuzi wawili watatu. Huyu hafungwi chini ya mwembe, bwana. Analala ndani, anapanda kochi, anapigwa picha na wageni. Na hapo ndipo kasheshe linapoanzia, maana ukimwingiza mbwa ndani umeingiza na mkojo wake.

Wiki ya kwanza ni vicheko tu. Wiki ya tatu baba mwenye nyumba anaamka alfajiri, yuko peku, anakanyaga kitu cha majimaji. Wiki ya tano mtu kashika ufagio. Mwezi wa tatu kijibwa anatafutiwa mtu wa kumchukua, au anafunguliwa geti akajitegemee. Kiumbe cha kilo 2, katikati ya bodaboda na mbwa koko, atajitegemea vipi jamani?

Naomba tuelewane mapema. Kijibwa hakojolei zulia kwa jeuri, wala hana habari ya kukukomoa. Anakojoa kwa sababu kabanwa na hakuna aliyemtoa. Kwa hiyo dawa yake haiko kwa mwenye ufagio, iko kwa mwenye saa.

Kabla hujatoa hela

Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama yake kabla hajatimiza wiki 8. Katika wiki hizo mama na ndugu zake wanamfundisha mambo ambayo wewe hutayaweza, kwa mfano kung'ata kwa mchezo bila kuumiza. Tena ndipo anapoanza mazoea ya kutoka pale anapolala akajisaidie pembeni, maana kwa asili yake mbwa hapendi kuchafua malazi. Sasa yule wa wiki tano anayeuzwa kwenye boksi kando ya barabara, kalowa mkojo wake mwenyewe, ameshazoea kulala kwenye uchafu. Kumrudisha kwenye mstari itakuwa kazi mara mbili.

Kwa hiyo usinunue kwa huruma ukiwa kwenye foleni ya magari. Nenda alikozaliwa. Mwone mama yake, angalia sakafu wanayolala, uliza dawa ya minyoo alipewa lini na chanjo ipi ameshapata. Muuzaji akikuambia kadi utaletewa kesho, mwambie na hela ataletewa kesho.

Na wewe jiulize. Mchana nyumbani anabaki nani? Kama wote mnatoka saa 12 asubuhi na kurudi saa 2 usiku, huyo mtoto atajisaidia wapi? Kama mmepanga, mwenye nyumba kakubali? Hao wenye pua fupi, Shih Tzu na Pekingese, uliuliza habari zao za joto? Hupumua kwa shida, na joto la Dar la mwezi Februari linawatesa kweli kweli. Chumba kisicho na hewa hakiwafai.

Siku ya kwanza na usiku wake

Mlete asubuhi, tena siku ambayo una mapumziko ya siku mbili tatu mbele yako. Ukimleta Jumapili jioni, Jumatatu alfajiri ukakimbilia daladala, umemfungulia ukurasa kwa upweke.

Kabla hajaingia ndani, mpitishe kwanza pale unapotaka pawe choo chake. Mweke chini, subiri. Akikojoa, msifie kama kashinda bahati nasibu. Baada ya hapo ndipo aingie.

Usimkabidhi nyumba nzima. Mpe kona moja yenye sakafu ya kudeki, jikoni au kwenye korido, uzibe kwa ubao. Ndani weka boksi au tenga lililolazwa ubavu, na kipande cha kanga kuukuu. Ukiweza, omba kwa muuzaji kitambaa kilicholaliwa na mama yake, harufu ile itampoza moyo. Malazi yawe ya kumtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Yakiwa makubwa kama chumba, atalala upande huu na kukojoa upande ule. Na tenga ni kitanda chake, lisigeuzwe mahabusu. Ukimtupia humo kila ukikasirika, atalichukia.

Usiku atalia. Hajawahi kulala peke yake tangu azaliwe, wewe ungefanyaje? Siku za mwanzo weka boksi lake kando ya kitanda chako. Akisikia unapumua hutulia. Akishalala, halafu akaamka usiku wa manane anahangaika na kulialia, huyo kabanwa. Mbebe, toka naye, msimame kimya. Akimaliza msifie kwa sauti ya chini, mrudishe. Hakuna michezo, hakuna taa zote kuwashwa, maana akigundua kuwa saa 8 usiku kuna sherehe, atakuamsha kila siku. Baada ya wiki moja mbili ndipo usogeze boksi kidogo kidogo mpaka unapotaka alale.

Na ule msururu wa watoto wa mtaa wanaotaka kumshika? Wasubiri siku mbili tatu. Mwache kwanza ajue hii ni nyumba ya nani.

Saa ya kijibwa

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Ipo hesabu ya makadirio inayotumiwa na wafugaji wengi. Chukua umri wake kwa miezi, ongeza moja, na jibu ndilo saa anazoweza kujizuia. Wa miezi miwili, saa tatu. Lakini huo ndio mwisho wake kabisa, si mazoea ya kila siku. Na hawa wa mbegu ndogo wana kibofu kidogo vile vile, kwa hiyo punguza. Mchana akiwa macho, mtoe kila baada ya nusu saa mpaka saa moja.

Juu ya hizo, kuna nyakati tano ambazo hazina mjadala. Mtoe akiamka, hata kama kasinzia dakika kumi. Mtoe akimaliza kula, maana tumbo likipokea huku linasukuma kule, na mara nyingi ndani ya nusu saa mambo yanakuwa tayari. Mtoe katikati na baada ya mchezo. Mtoe akishapokea wageni, furaha nayo inakojoza. Na mtoe kabla ya kulala.

Jifunze pia kumsoma. Akiacha mchezo ghafla, akaanza kunusa sakafu, akazunguka duara au akaelekea nyuma ya kochi, usimalizie sentensi uliyokuwa unaongea. Nyanyuka.

Namna ya kumtoa nayo ina utaratibu. Mbebe, kwa sababu ukimwacha atembee ataachia njiani. Mpeleke pale pale kila siku, harufu ya jana itamkumbusha kazi ya leo. Tumia neno moja, lolote, mradi nyumba nzima mlitumie hilo hilo. Baba akisema "kojoa", mama "haya fanya", na watoto "susu, susu", mtoto wa watu atachanganyikiwa. Halafu simama. Usichezee simu, usimwite. Mpe dakika tano.

Akimaliza, msifie papo hapo, ndani ya sekunde mbili tatu, na umpe kipande cha nyama ya kuchemsha kidogo kama punje ya haragwe. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na nani anajua habari za kulamba mikono kuliko mbwa? Usingoje mpaka mrudi ndani ndipo umzawadie, kwa sababu atadhani anasifiwa kwa kupita mlangoni.

Na hapa wengi huwa hawapaoni. Akishamaliza haja, mwache acheze nje dakika chache. Ukiwa na tabia ya kumbeba ndani mara tu tone la mwisho linapodondoka, atajifunza kuwa mkojo ndio unaokatisha raha. Ataanza kuubana ili aendelee kukaa nje, kisha akifika kwenye zulia, pwaa!

Je, dakika tano zimepita na hakufanya kitu? Rudi naye ndani lakini usimwachie sakafu. Mpakate au mweke kwenye boksi lake, baada ya dakika kumi mtoe tena. Chakula nacho kiwe kwa saa maalumu, sahani isishinde sakafuni kutwa. Anayekula kwa saa hujisaidia kwa saa. Maji ya kunywa yeye usimnyime, hasa kwa joto letu hili.

Ufagio wa nini?

Pamoja na yote hayo, kuna siku atakukojolea ndani. Ukimkuta katikati ya tendo, piga makofi mara moja, tena si kwa ukali, mnyanyue, mtoe nje amalizie, na akimaliza huko msifie. Ukikuta dimbwi lilishapoa na mwenyewe yuko jikoni anafukuza mende, umechelewa. Chukua dekio, deki, nyamaza.

Najua kuna msomaji anasema, "Wee mwandishi, mbona nikimwita anainamisha kichwa na kufyata mkia? Anajua kosa lake huyo!" Hapana. Anachojua ni sura yako. Ameona umekunja uso na sauti imepanda, anakuomba msamaha asiojua ni wa nini. Ule mkojo wa saa moja iliyopita kwake ulishakuwa historia. Ukimpiga sasa, au ukamsokomeza pua kwenye uchafu kama wanavyofanya wengi, hafundishiki kitu kinachoitwa "usikojoe ndani". Anachojifunza ni kuwa kukojoa mbele yako ni hatari. Matokeo yake, ukimtoa nje anakuangalia tu, hafanyi, na ukirudi ndani anakwenda kujificha chini ya kitanda. Ndiyo maana wanaopiga sana ndio wanaokuta mavi mvunguni.

Kisha kuna la pili, na hili ni zito zaidi. Mbwa mdogo anayepigwa anajifunza kuogopa mkono. Leo anakimbia, kesho kabanwa kwenye kona na mkono wa mtoto unakuja kumshika, anauma. Watu wanacheka wakiumwa na kijibwa, eti meno ya panya. Subirini nifike kwenye habari ya sindano muone kama kuna la kuchekesha.

Usafi sasa. Futa kwanza kwa kitambaa kikavu, osha kwa sabuni na maji, kisha pitisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Kusudi ni kuondoa harufu, kwa sababu pua yake inasoma pale ambapo wewe unaona pamekauka. Usitumie dawa ya kusafishia yenye amonia, inanukia kama mkojo, utakuwa umemwekea kibao cha CHOO. Na tafadhali sana, jiki usiichanganye na siki, wala na amonia, wala usiimwage juu ya mkojo mbichi. Hutoa hewa ya sumu inayochoma macho na kifua, yako na ya mbwa.

Kijibwa aliyekuwa ameshajua choo, akaanza ghafla kukojoa vitone vitone kila mahali, au mkojo ukawa na damu, huyo si mtundu. Huenda njia yake ya mkojo ina maradhi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Mnaokaa ghorofani

Ninyi wa ghorofa ya nne, lifti mbovu, nimewakumbuka. Tumieni magazeti, na hili hili mkishalisoma linafaa. Tandaza eneo pana mbali na pale anapolala na anapokula. Ukibadilisha, bakiza kipande kidogo chenye harufu uweke chini ya mapya. Akishazoea, punguza eneo taratibu mpaka libaki kurasa mbili. Wapo wanaotumia trei ya mchanga au majani kwenye baraza, ni sawa tu. Ila amua mapema. Ukimfundisha magazeti miezi miwili halafu ukitaka aende nje, itabidi uanze upya, na siku ukisahau gazeti lako jipya sakafuni, usimlaumu mtu.

Kikao cha nyumba

Kijibwa anapoingia, iteni kikao. Nani wa asubuhi, nani wa mchana, nani wa usiku? Andikeni, bandikeni kwenye friji. Kazi ya wote huwa haina mwenyewe.

Usimbebeshe dada wa kazi kimya kimya, ati kwa kuwa yeye ndiye anayeshinda nyumbani. Muulize kwanza. Yeye kaajiriwa kupika, kufua na kulea, sasa unamwongezea mtoto mwingine ambaye hata pempasi havai. Kama ni Mwislamu, kumbuka kuwa katika madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kumlazimisha achezewe na mbwa kisha akaswali ni kumkosea adabu. Bibi naye akija kutembea akasema hataki mbwa karibu na mkeka wake, mheshimu. Mbwa ana kona yake, mkeka una kona yake, mtaishi vizuri. Akikubali kazi hiyo kwa hiari, mwongeze mshahara, hilo halina haja ya kikao.

Watoto wa nyumbani wafundisheni kumshika wakiwa wamekaa chini. Mifupa ya hawa wadogo ni myembamba, akidondoka kutoka mikononi au kuruka kutoka kwenye kochi anaweza kuvunjika mguu. Akila asishikwe, akilala asiamshwe. Na mtoto wa miaka sita si mlezi wa mbwa. Asaidie, lakini saa ishikwe na mtu mzima.

Tumbo dogo

Hawa wadogo mno wana tatizo lao. Wakikaa na njaa muda mrefu, sukari ya mwilini inashuka, wanalegea, wanayumba kama walevi, hata kupoteza fahamu. Wa miezi miwili mpaka mitatu ale mara nne kwa siku, kidogo kidogo. Ukimkuta kalegea hivyo, mpake asali au maji ya sukari kwenye fizi, mpe joto, umkimbize kwa daktari.

Wiki ya kwanza mpe chakula alichokuwa anakula alikotoka, ukitaka kubadilisha changanya taratibu kwa siku saba hivi. Ukibadilisha ghafla ataharisha, na anayeharisha hawezi kufundishwa choo. Usimpe chokoleti, zabibu, wala kitunguu, maji au kibichi, kwa hiyo ule mchuzi wa rosti nao si wake. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka vipande vikali, itamtoboa tumbo.

Sindano, na hapa hatutanii

Kuna ugonjwa unaitwa parvo. Ulitambuliwa duniani mnamo 1978 na mpaka leo unaua watoto wa mbwa kwa siku chache tu. Anakataa kula, anatapika, anaharisha damu yenye harufu kali. Kirusi chake hukaa ardhini miezi mingi, na sabuni ya kawaida hakiijali, jiki ndiyo kiboko yake. Chanjo yake, pamoja na ya homa ya mbwa na nyingine, huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, ikarudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka afikishe wiki 16. Wengi wanachoma moja, wanaridhika. Moja haitoshi. Mpaka amalize, asitembezwe chini mahali wanapopita mbwa wengine. Choo chake kiwe ndani ya uzio wenu.

Lakini asifungiwe ndani kama mwali. Wiki ya 3 mpaka ya 14 hivi ndipo akili yake inapoamua kipi cha kuogopa maishani. Mbebe mkononi umtembeze. Asikie bajaji, azana, kengele ya kanisa, mvua kwenye bati. Aone mwenye kofia, mwenye fimbo, mwenye baibui. Asipowaona sasa, atawabwekea miaka kumi na mitano.

Minyoo nayo. Dawa hutolewa kila wiki mbili kuanzia umri wa wiki 2 hadi 8, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Mayai ya minyoo yanatoka na kinyesi, na watoto wanaocheza mchangani wanaweza kuyameza. Kwa hiyo kile kinyesi cha uani kiokotwe kila siku, kisingoje Jumamosi.

Nimeacha kubwa kwa mwisho. Kichaa cha mbwa. Kinakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Watoto nao huumwa sana. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ni nadra mno mtu kupona. Na virusi havipimi kilo. Kijibwa mweupe mwenye utepe kichwani, akiumwa getini na mbwa koko mgonjwa, anaweza kukileta mpaka kitandani kwako. Yule uliyemchapa na ufagio mpaka akaogopa mkono, yule uliyemfungulia geti akajitegemee, ndiye huyo huyo atakayekutana na mtoto wa jirani kesho kutwa.

Chanjo yake huchomwa akifikisha miezi mitatu, hurudiwa kama daktari atakavyopanga, mara nyingi kila mwaka. Na inafanya kazi. Kisiwani Pemba, mbwa walichanjwa kwa kampeni kuanzia 2010 na kichaa kikatoweka. Mwaka 2016 kikaingia tena, mbwa wakachanjwa tena, kikaondoka tena. Kila tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mahali pengi chanjo hutolewa siku hizo. Ulizia kwa bwana mifugo wa kata yako.

Mtu akiumwa au akikwaruzwa na mbwa, hata huyu mdogo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 bila kupunguza, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Usipake majivu, usipake pilipili, usingoje kuona.

Itachukua muda gani?

Wengi hutulia baina ya mwezi wa nne na wa sita wa umri wao, lakini hawa wa mbegu ndogo wapo wanaosuasua hadi kukaribia mwaka. Sehemu ya sababu ni sisi. Mbwa mkubwa akikojoa sebuleni nyumba nzima inajua, huyu akiachia kijiko kimoja tunasema "aa, kidogo tu," tunapita. Hizo kidogo tu zikifika arobaini zinakuwa tabia.

Kwa hiyo usikate tamaa mwezi wa tatu, ambao ndio mwezi wa watu kutafuta wa kumpa. Zipite wiki nne bila ajali ndani, ndipo umwongezee chumba kimoja. Wiki nne nyingine, cha pili. Akiharibu, rudi nyuma hatua moja bila kelele.

Haya, nafasi imekwisha na mhariri ananikodolea macho. Leo jioni fanya mawili tu. Tega kengele ya simu ilie kila saa moja, na itafute ile kadi ya chanjo uone tarehe ya mwisho. Ule ufagio wa chelewa rudisha uani ukafagie majani ya mwembe. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.